Kiu Hiyo, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nakuona unavyokunywa maji. Unasema ni mwezi wa kumi, joto la Likasi kabla mvua haijashuka, kila mtu ana kiu. Haya. Na mwezi wa saba, tulipokuwa tunatetemeka, kwa nini uliamka kila mara usiku kwenda kukojoa? Ulisema ni baridi. Kila msimu unakupa kisingizio, na ugonjwa wa sukari unapenda sana visingizio.

Ndiyo, nasema sukari. Diabete. Usicheke, usiniambie ni ugonjwa wa mabosi wenye matumbo. Unaingia kwenye majumba makubwa, na mtaani Kikula unaingia vilevile.

Mimi nimezaliwa mji huu ukiitwa Jadotville, kabla haujapewa jina la Likasi mwaka 1966. Nimewazika wengi ambao hawakupaswa kunitangulia. Nisikilize.

Chakula unachokula, hata bukari isiyotiwa chembe ya sukari, mwilini kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Hiyo ndiyo nguvu yako. Lakini ili itoke kwenye damu iingie mwilini inataka insulini, nayo inatengenezwa na kongosho, nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, inakuwa kama treni ya madini iliyosimama Shituru bila wa kuipakua: mzigo umejaa kwenye reli, na kiwanda kinalia njaa.

Ndiyo maana mtu anakula sana na bado anakonda. Sukari iliyozidi, figo zinaimwaga nje pamoja na maji. Ndipo mkojo unakuwa mwingi, ndipo kiu haiishi. Macho yanaona ukungu, naye anasingizia moshi wa makala. Uchovu haumtoki. Kidonda kidogo kinakataa kupona. Zamani watu walitazama sisimizi wakijikusanya pale mtu alipokojoa. Sisimizi hamfuati mtu bure, mwanangu.

Na wapo ambao miaka inapita hawasikii lolote. Hao ndio wananinyima usingizi. Kama umepita miaka arobaini, kama tumbo limekutangulia mlangoni, kama baba au mama yako alikuwa nao, usingoje dalili. Na wewe binti uliyeambiwa una sukari ulipokuwa na mimba, usidhani yaliisha siku uliyojifungua. Rudi upimwe.

Nikuambie habari ya miguu. Sukari ikikaa juu miaka, inaua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu anaota moto wa mbabula usiku wa baridi, anaungua na hajui. Anavaa buti lenye jiwe ndani, anashinda nalo machimboni, jioni anakuta damu. Kidonda kisichouma ndicho kinachofika mfupani. Nimewaona wanaume niliofanya nao kazi wakikatwa kidole, kisha wayo, kisha mguu. Wengine macho yalizimika, wengine figo. Tafadhali, angalia nyayo zako kila jioni. Tafadhali.

Najua mnaogopa gharama. Sisi wa Gécamines, kampuni ya madini, mtoto akiugua alipelekwa hospitali ya kampuni, baba hakuuliza bei. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na tangu hapo kila mtu na mfuko wake. Lakini pesa ya soda na bia inapatikana kila jumamosi. Tone la damu ni bei rahisi kuliko mguu.

Sikukatazi bukari, mimi mwenyewe naila. Punguza tonge, ongeza sombe, ongeza maharage, acha vijiko vinne vya sukari kwenye chai. Tembea. Ukipewa vidonge, vimeze hata siku unapojisikia mzima.

Nimebakiza watoto, na hapo sauti yangu inapanda. Kwa mtoto ugonjwa huu hauji polepole. Ndani ya majuma machache anakonda, anakunywa maji bila kukoma, halafu anatapika, anahema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva mno. Watu wanasema malaria. Dawa ya malaria ikishindwa wanasema amerogwa, na anayelaumiwa ni mzee kama mimi. Wanaenda kukesha kwenye maombi, mtoto anazimika mikononi mwao.

Ombeni, sikatai. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Na mtoto aliyeanzishiwa insulini, mtu yeyote asimkatishe sindano, hata kwa siku mbili, hata aliyemwambia ameponywa. Zamani mtoto wa namna hii alikuwa wa kufa tu. Mwaka 1922, Toronto, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Wako leo anaweza kuzeeka.

Basi kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kituo cha afya ukatobolewe kidole. Waulize namba, uniletee. Ikifika 126 mg/dL au zaidi kabla hujala kitu, watarudia siku nyingine wahakikishe, usikimbie.

Na yule mtoto wa dada yako aliyeanza tena kukojoa kitandani, yeye asingoje kesho. Mpeleke leo.