Mwanasheria wa mji na mtoto asiye na kibali

Najashi wa Habasha alipofuatwa na wajumbe wa Makuraish wakidai Waislamu waliokimbilia kwake, hakuwakabidhi kabla ya kuwasikiliza. Naye Mtume (s.a.w.), pale Hudaybiyya, alimrejesha Abu Jandal hali yumo minyororoni, kwa kuwa ahadi ilikwishafungwa. Wapo wanaosoma visa hivi kana kwamba kimoja kinafuta kingine. Mimi naona vyote viwili vinamkabili kila anayeshauri watawala, na mfano wake ni San Francisco, Marekani.

Mji huo tangu 1989 una sheria ya hifadhi: watumishi wake wasiwasake wahamiaji kwa kukosa vibali tu. Mwaka 2008 ikabainika kuwa hata vijana wa chini ya miaka 18 waliopatikana na makosa mazito hawakuwa wakiripotiwa Uhamiaji. Juni mwaka huo baba na wanawe wawili wakauawa kwa risasi, na muuaji, aliyetiwa hatiani 2012, aliwahi kushikiliwa na mji akiwa kijana mdogo. Machozi ya familia ile si ya kupuuzwa. Meya Gavin Newsom akaamuru: kijana akikamatwa tu kwa tuhuma ya kosa kubwa, aripotiwe.

Tuhuma, si hukumu! Hapo ndipo dhulma ilipopenya. Polisi hukosea. Hakimu anaweza kumwona mtoto hana hatia, kumbe Uhamiaji wameshamchukua. Diwani David Campos, ambaye mwenyewe aliingia Marekani akiwa mtoto asiye na kibali kutoka Guatemala, akapendekeza 2009 kwamba kijana aripotiwe baada ya kutiwa hatiani tu.

Mwanasheria wa mji, Dennis Herrera, akaandika waraka wa siri akionya kuwa pendekezo hilo lingeweza kugongana na sheria ya shirikisho ya 1996, inayokataza miji kuwazuia watumishi wake kuwasiliana na Uhamiaji. Watetezi wa wahamiaji walikasirika. Mimi simlaumu. Mshauri anayemwambia mteja wake lile tu analopenda kulisikia ni mnafiki wa kulipwa, na mji ulioingia vitani bila kujua upanga wa adui ungewaangusha hao hao watoto. Ninaowalaumu ni wa ofisi ya meya, walioupeleka waraka ule gazetini. Ushauri ni amana. Umekabidhiwa kwa siri ili mji ujilinde, wewe unampa silaha anayetaka kuushitaki!

Madiwani wakapitisha, meya akaweka turufu, nao Novemba 2009 wakaitengua kwa kura 8 dhidi ya 3. Meya akakataa kuitekeleza. Tofauti na Hudaybiyya, hapa hapakuwa na ahadi iliyomlazimu kumtoa asiyehukumiwa. Sheria ya 1996 inakataza kuziba midomo, haiamrishi kukabidhi mtoto.

Mei 2011 Meya Ed Lee, aliyemrithi, alilegeza amri kwa vijana wenye familia mjini. Herrera huyo huyo, Januari 2017, alimshitaki Rais Trump kuitetea hifadhi ya mji.