Tuwatazameje Wanyama?

Wakatekumeni wapenzi, Mungu aliwaumba wanyama, akawatazama, akapendezwa nao, hali mtu hajaumbwa bado. Nasi twawatazamaje?

Katika karne ya 19, siku za Tippu Tip, wafanyabiashara wa Kasongo walimtazama tembo, wakaona pembe tu. Wakamtazama na mwanadamu, wakaona bega la kuichukua pembe hiyo, kupitia Kabambare hata ziwa la Tanganyika. Ndiyo kazi ya tamaa: humdharau kiumbe, kisha humdharau ndugu.

Basi, ukimwona mnyama porini, simama kwanza, umtazame, umshukuru Muumba wake. Ukiwinda kitoweo, shika sheria na kiasi, umwache mama mwenye mtoto. Moyo wenye shukrani hauharibu ovyo kazi ya Mungu.