REKEBISHA MWENENDO, UPATE KUKIMBIA TENA

Somo: Waebrania 12:1–13



Mlango wa 12 wa Waraka kwa Waebrania waanza na habari za wapiga mbio. Mara nyingi tunaishia mstari wa pili. Tukiendelea hadi wa 12 na wa 13, twaona kuwa katika mbio hizo hizo wamo waliolegea mikono, wenye magoti dhaifu, hata viwete. Hawaambiwi watoke njiani. Wanaagizwa wainyoshe njia ya miguu yao, ili kilichoumia kisizidi kuharibika, bali kipone.

Walimu wa michezo walijua jambo hili vema. Mtu akiumwa goti kwa kukimbia, hupumzika wiki kadhaa, maumivu yakatulia, akarudi barabarani. Siku chache tu, goti linauma tena. Kwa nini? Alipumzisha goti, lakini mwendo ni ule ule. Hutupa mguu mbele mno, kisigino kikatua mbali na mwili, goti limenyooka; kila hatua ni kama kujipiga breki. Tena mkimbiaji hukanyaga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hata tatu ya uzito wake.

Dawa yake mara nyingi si kuacha mbio. Afupishe hatua, aziharakishe kidogo, mguu utue karibu na chini ya mwili, mabega yalegee, macho yatazame mbele. Akiongeza hatua zake kwa dakika kwa sehemu tano hadi kumi katika mia, mzigo wa goti hupungua. Ndipo aliyezichukia mbio huanza kuzipenda, maana adui hakuwa mbio, bali namna ya kukimbia.

Lugha yetu ina neno zuri: mwenendo. Ni namna mtu anavyokwenda, tena ni tabia yake. Mwanakwaya aligombana na wenzake, akakaa nyumbani mwaka mzima, kisha akarudi na ulimi ule ule. Mzee wa kanisa alijitwika kila kazi, akakataa msaidizi, sasa asema utumishi ni mateso. Mwingine aliahidi wakati wa Kwaresima kukesha akiomba kila usiku. Wiki ya pili hakusali hata dakika tano. Hao walipumzika, au walichoka, lakini hawakurekebisha hatua.

Hata hivyo tuwe na hekima. Aliyegongwa na gari haambiwi kwamba kosa ni miguu yake. Vivyo hivyo, aliyeonewa na wengine, hata humu kanisani, tusimtwike lawama. Huyo ahitaji haki, na ndugu wa kumshika mkono.

Glenn Cunningham wa jimbo la Kansas, Marekani, alikuwa na miaka 7 shule yao iliposhika moto mwaka 1917. Kaka yake alifariki, naye miguu yake ikaungua vibaya, ikampasa kujifunza kutembea upya. Mwaka 1934 aliweka rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 4 na sekunde 6.8, na mwaka 1936 akapata medali ya fedha ya mita 1500 huko Berlin. Lakini hadi mwisho alihitaji muda mrefu wa kuipasha miguu moto kabla ya shindano. Kovu halikumwondoa mbioni, lilimfundisha subira.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutafute mtu wa kututazama, kwa kuwa hakuna anayeuona mwendo wake mwenyewe. Chuo cha ualimu tulimkalisha mwenzake nyuma ya darasa, amweleze mwalimu mwanafunzi yale asiyoweza kujionea. Pili, tuanze na hatua fupi: sala ya dakika tano kila siku, neno moja la upole katika kikao. Tatu, tumtazame Yesu aliyetangulia, maana anayetazama miguu yake hupinda mgongo.

Ndugu uliyeacha kuja, nafasi yako katika mbio bado ipo.

Ee Bwana, utuponye tulipoumia, uturekebishe tulipopinda, uturudishie furaha ya kukufuata. Amina.