Mwili Ubebao Mizigo

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15 na 1 Wakorintho 12:22–26.

Wengi wetu hununua mahitaji Kariakoo bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam, na kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi hapo. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka kwa namna yao: Kariakoo.

Maneno hayo mawili yana asili ya Kilatini. La kwanza latokana na carrus, yaani gari la kukokotwa. La pili latokana na corpus, yaani mwili. Jina lilisema mwili, lakini watu walitumiwa kama magari. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini, wakabebeshwa chakula na risasi katika nchi ambayo mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na lishe duni. Sanamu iliyozinduliwa mjini mwaka 1927 ni ya askari. Mpagazi anakumbukwa kwa jina la soko.

Paulo naye aliliita kanisa mwili. Lakini katika mwili wa Kristo viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na kimoja kikiumia vyote huumia. Basi tujipime: anayetubebea mzigo, je, kwetu ni mtu au ni gari? Huenda mmoja akasema, "Huyo si wa kanisa letu." Lakini Musa, aliposema habari za kibarua maskini, alimtaja na mgeni pia.

Ijumaa, siku ya maandalio, kijana hutubebea gunia kutoka sokoni hadi kituo cha daladala. Tukifika, twampunguzia ujira tuliopatana, twamwambia, "Nyingine wiki ijayo," kisha twakimbilia nyumbani kuifungua Sabato. Musa aliagiza ujira ulipwe kabla jua halijachwa. Jua ni lile lile. Machweo yanayotuletea Sabato ndiyo yanayotudai haki ya mpagazi.

Kwa mjadala: Ni nani aliyekubebea mzigo juma hili? Je, Sabato imeingia ukiwa bado na deni lake?