NGUVU NI AMANA: NENO KWA VIJANA WA MIELEKA NA KWA WAZAZI WAO

(Karatasi ya Ijumaa. Ukiisha kusoma, mpe jirani. Usiitupe chini, ina majina matukufu ndani yake.)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akampa mifupa na mishipa na nyama, kisha akampa akili ya kuviongoza. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika vile tulivyopewa, na katika vile tulivyopewa umo mwili.

Juma mbili zilizopita, baada ya swala ya magharibi, mzee mmoja alinishika mkono hapa mlangoni. Akasema: "Shehe, mtoto wangu amepotea. Kila alfajiri anakimbia barabarani na wenzake wakiimba. Jioni wanaingia katika sale, wanagaagaa juu ya turubai, wanakabana shingo. Umkataze." Kesho yake akaja kijana mwenyewe. Akasema: "Shehe, baba anasema mieleka ni haramu, na mimi nimesikia Mtume alipigana mieleka. Nani mkweli?" Niliwaambia wote wawili wangoje Ijumaa. Leo ndiyo Ijumaa yenyewe, na jibu si la nyumba moja, maana katika kila kartie ya mji huu kuna vijana wa judo, wa mieleka na wa kunyanyua vyuma.

NGUVU SI DHAMBI

Ndugu zangu, anayesema kwamba mwili wenye nguvu ni jambo la kidunia tu, asome tena. Katika Suratul-Baqara, Bani Israili walipomkataa Talut kwa sababu hakuwa na mali, waliambiwa kwamba Mungu amemzidishia elimu na mwili. Katika Suratul-Qasas, binti yule wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa, alitaja sifa mbili: ana nguvu na ni mwaminifu. Angalieni, hakutaja moja akaacha ya pili. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri.

Kuhusu mieleka, kijana amesikia sawa. Kulikuwa na mtu wa Makka aliyeitwa Rukana, hodari ambaye watu walizoea kuona akiwaangusha wengine. Wanazuoni wamepokea kwamba alipigana mieleka na Mtume, na Mtume akamwangusha. Wako waliozungumzia udhaifu wa upokezi wake, lakini kisa kinajulikana na mafakihi wamekitumia kuonyesha kuwa mchezo huu unajuzu.

Tena mwaka wa 3 Hijria, watu walipotoka kwenda Uhud, vijana wawili wa miaka 15 walisimama mbele ya Mtume, Rafii bin Khadiji na Samura bin Jundubi. Rafii akakubaliwa kwa sababu alijua kutupa mishale. Samura akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafii katika mieleka. Wakapambanishwa, Samura akamwangusha, naye akakubaliwa.

Lakini sikilizeni vizuri, asije mtu akachukua kisa hiki kuwapeleka watoto porini. Siku ile ile Abdallah mwana wa Umar, mwenye miaka 14, alirudishwa nyumbani. Mtume alikuwa na vita mlangoni kwake, adui ni wengi kuliko watu wake, na bado aliwarudisha watoto. Sisi wa Kongo tumeona watoto wenye umri mdogo kuliko huo wakibeba bunduki. Huo si mwendo wa Mtume.

Na taabu ya mwili? Mwaka wa 5 Hijria, masahaba walichimba handaki la Madina kwa mikono yao, wakiwa na njaa, na Mtume akibeba udongo pamoja nao mpaka vumbi likafunika ngozi ya tumbo lake. Nasi tunawajua baba zetu na kaka zetu waliosukuma baiskeli zenye mizigo kutoka Kasongo mpaka Kindu, katika matope ya msitu, siku nyingi, kwa ajili ya chumvi na sabuni za watoto. Mwili uliozoea taabu ni neema. Basi mzee wangu, siwezi kumkataza mwanao kwa jambo ambalo dini haikulikataza.

NIMEONA KWA MACHO YANGU

Hata hivyo, ngoja kijana, usiondoke ukifurahi. Nina deni la kukusimulia.

Nilipokuwa chuoni, wanafunzi tulikuwa tukiisha kuosha mbao zetu tunashuka mtoni, tunapigana mieleka juu ya mchanga. Hakukuwa na mwalimu wa mchezo. Kulikuwa na sheria moja: aliyeshindwa anapiga mchanga kwa kiganja, na mwenzake anaachia. Siku moja mwenzangu alinicheka mbele ya watu kwa kukosea kusoma. Jioni nikamwomba tupigane. Nikamwangusha, nikaushika mkono wake, nikaukunja nyuma. Akapiga mchanga. Nilisikia, ndugu zangu. Nilisikia mara ya kwanza na mara ya pili, na sikuachia. Bega likatoka mahali pake.

Mwalimu wetu hakunichapa. Aliniamuru nimbebee mwenzangu maji na ubao wake mpaka apone. Nilibeba miezi mingi. Hakupona sawasawa. Amenisamehe zamani, nasi ni ndugu mpaka leo. Lakini kila anapofunga takbira, mkono wake wa kuume haufiki sikioni, nami najua kwa nini. Mimi ndiye ninayewaombea dua juu ya mimbari hii, na deni langu linaswali pamoja nami.

Kwa sababu hiyo nawaambia: elimu yote ya mieleka na ya judo imo katika kuachia. Kukamata hata mamba anajua. Mtume ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba hodari si yule anayewaangusha watu, hodari ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Hakusema hivyo kwa kuidharau mieleka. Alisema hivyo ili tujue ni nani tunayepaswa kumwangusha kwanza.

Na mkumbukeni Nabii Musa kabla ya utume. Alimpiga mtu ngumi moja tu, kwa kumtetea wa kabila lake, na yule mtu akafa. Hakujisifu kwa ngumi ile. Alisema hiyo ni kazi ya shetani, akaomba msamaha kwa Mola wake. Ngumi moja, kwa hasira ya kikabila. Nani katika sisi hajui ngumi ya namna hiyo imeifanyia nini nchi hii?

MASHARTI

Basi kijana, ukitaka kuendelea, endelea kwa masharti haya.

La kwanza, swala. Ukikimbia alfajiri na wenzako, mbio zianze baada ya kuswali, si badala ya kuswali. Anayeweza kuamka saa kumi kwa ajili ya misuli hana udhuru mbele ya muadhini.

La pili, mavazi. Kati ya kitovu na magoti pasitiriwe. Vazi la judo linasitiri, kaptula fupi za kubana hazisitiri. Na mabinti wetu, ambao nao wana haki ya afya, maana Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, wajifunze wao kwa wao, mbali na macho ya wanaume.

La tatu, kuinama. Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Mjapani, Kano Jigoro, na desturi yao ni kuinama kwa mpinzani, na mahali pengine mbele ya picha ya mwanzilishi. Kwao ni adabu. Kwetu rukuu na sijida ni za Mungu peke yake. Mweleze mwalimu wako mapema, kwa heshima, kwamba utasalimu kwa kuweka mkono kifuani. Usifanye ugomvi, wala usiinamie picha.

La nne, ulinzi wa mwili. Mtume amekataza kupiga uso. Jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha: kidevu kifuani, mkono upige turubai, kichwa kisiguse chini. Kukaba shingo kunaziba damu inayokwenda kichwani, na mtu anaweza kuzimia kwa sekunde kama kumi tu. Kwa hiyo msikabane nyumbani wala njiani bila mwalimu, na watoto wadogo wasifundishwe kabisa kukaba wala kukunja viungo. Mwili una haki ya kupumzika. Ramadhani fanyeni mazoezi mepesi karibu na futari au baada ya tarawehe, na mtu asifungue saumu yake kwa sababu ya mchezo.

La tano, kuachia. Mwenzako akipiga mara moja, achia. Usingoje ya pili.

La sita, dawa. Hapa nasema kwa uchungu. Tunajua mapambano ya kachi ya Kinshasa, ambako watu hushuka ulingoni na fetishi zao. Wengi wanacheka, wanasema ni michezo. Lakini anayeamini kwamba kuna nguvu katika fuvu, katika unga au katika maji ya mganga, amemshirikisha Mola wake. Vijana wangapi wa mashariki ya nchi hii walinyunyiziwa maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji, nao wakazikwa? Na tusiwaseme wengine tu. Wako watu wenye kofia kama hii yangu wanaowauzia vijana hirizi za kushindia mieleka. Kijana, anayekuuzia ushindi katika kipande cha ngozi amekuibia mara mbili, fedha yako na tegemeo lako.

La saba, kamari. Kutia fedha juu ya nani ataanguka ni haramu, kwa anayetia na kwa anayepigana.

WANAOTAFUTA MISULI YAKO

Mzee wangu, hofu yako ninaielewa, na ina mahali pake. Kuna watu wanaokaa nje ya sale, hawajui judo, wanahesabu mabega. Kinshasa vijana wenye nguvu waliitwa pomba, wakatumiwa kuwalinda wakubwa na kutisha watu. Kisha mji ukaona kuluna, magenge ya vijana wenye mapanga, na wengine kati yao walipitia katika michezo ya mapigano. Novemba 2013 polisi walianzisha operesheni iliyoitwa Likofi, yaani ngumi. Human Rights Watch lilieleza mwaka 2014 kwamba vijana na wanaume wasiopungua 51 waliuawa na 33 wakapotezwa. Ngumi ilijibiwa kwa ngumi, na mama zao ndio waliobaki uwanjani.

Kwetu hapa anayehesabu mabega anaweza kuja wakati wa uchaguzi na noti chache za franka na fulana. Anaweza kuja kutoka porini na hadithi ya kutetea kabila. Kijana, siku hiyo kumbuka sifa mbili za Musa: mwenye nguvu na mwaminifu. Anayekununua anataka ya kwanza bila ya pili. Mwambie: nguvu hii si yangu, nimewekewa, siwezi kuiuza.

Nawaomba msamaha kwa kurefusha, nami naomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha.

HUTUBA YA PILI

Sifa zote ni za Mungu, na rehema zimshukie Mtume wake.

Wazazi, msiwafukuze watoto kwa sababu ya turubai. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani hupokelewa haraka na wale niliowataja. Nendeni siku moja mkaone wanavyofundishwa. Mkiona mwalimu anawazuia hasira na anawaruhusu kuswali, mshukuruni. Mkiona anawasifu kwa kuumizana, mtoeni mtoto, nami nitakuja pamoja nanyi.

Walimu wa michezo, nanyi ni wachungaji, mtaulizwa.

Vijana, mji huu una wajane ambao paa zao zinavuja, una wagonjwa wanaohitaji kubebwa kwenda hospitali pale barabara isipopitika, una makaburi ya kuchimbwa. Misuli isiyojulikana huko, ikajulikana ulingoni tu, haijatoa zaka yake. Kijana aliyeniuliza swali nimempa jibu la kwanza: Jumapili asubuhi aje na wenzake wa judo, kuna matofali ya madrasa ya kubeba. Baba yake ameahidi kupika chai.

Ee Mola wetu, wape vijana wetu nguvu pamoja na uaminifu. Zuia mikono yetu isimdhulumu mtu, na zuia mikono ya wengine isitudhulumu. Waponye tuliowaumiza, na utusamehe sisi tuliowaumiza. Ipe Kongo amani, mashariki na magharibi yake, na warudishe nyumbani watoto walio porini. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu waliotangulia. Amina.

Simameni kwa swala. Nyosheni safu, bega kwa bega, mwenye nguvu karibu na dhaifu.