Ukishalipwa, Bado Unadai?

Dola 35 za Marekani. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa mwaka 1971 kwa ile alama ya Nike, ile inayofanana na vema ya mwalimu iliyolazwa ubavu. Leo huwezi kutoka Kariakoo mpaka Buguruni bila kukutana nayo mara mia: kwenye raba, kwenye kofia, kwenye begi la shule, hata kwenye kandambili ambazo Nike wenyewe hawazijui. Aliyeichora alikuwa mwanafunzi, dada anayeitwa Carolyn Davidson. Kampuni ikaja kuwa ya mabilioni ya dola. Yeye alikuwa amekwisha kuandika ankara yake, akalipwa, basi.

Kuna watu wakisikia habari hii wanashika kichwa: jamani, dada wa watu kadhulumiwa! Wengine wanacheka: kadhulumiwa nini, si alitaja bei mwenyewe akapewa? Ubishi huu nimeusikiliza kijiweni mpaka kahawa ikapoa, na sikuona aliyeshinda. Nauleta kwenye kurasa hizi kwa sababu sisi tunaojaribu kuandika, ndugu zangu, ndio utakaotukuta wa kwanza. Atakuja mtu na bahasha, atasema "nipe hiyo hadithi yako, shika hizi, tumemalizana." Je, kweli mnakuwa mmemalizana?

Lakini kwanza tujue mambo yalikwendaje, maana wengi tunabishana juu ya kampuni tusiyoijua zaidi ya kiatu chake.

Phil Knight alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Oregon, si bingwa, mkimbiaji wa kawaida tu, chini ya kocha mmoja mkali na mbunifu aliyeitwa Bill Bowerman. Baadaye akasomea biashara Stanford, na huko akaandika insha ya darasani akidai kuwa raba za Kijapani zinaweza kuzifanya raba za Kijerumani kile ambacho kamera za Kijapani zilizifanya kamera za Kijerumani. Wenzake darasani hawakushtuka. Mwaka 1962 akasafiri mpaka Kobe, Japani, akabisha hodi kwa kampuni ya Onitsuka, watengenezaji wa raba za Tiger. Januari 1964 yeye na kocha wake wakatoa dola 500 kila mmoja, wakaanzisha Blue Ribbon Sports. Hawakuwa na kiwanda wala kiatu chao wenyewe. Walikuwa wanauza raba za Mjapani, tena Knight alizibeba kwenye buti la gari akizungukia mashindano ya riadha. Kwa lugha ya kwetu alikuwa machinga mwenye gari.

Raba hazikumlisha, kwa hiyo alifanya kazi ya uhasibu, na baadaye akawa anafundisha uhasibu Portland State University. Ni huko alikomsikia Carolyn Davidson akisema hana pesa ya kununua rangi za mafuta kwa ajili ya somo la uchoraji. Knight akampa kibarua cha kumchorea chati za biashara kwa dola 2 kwa saa.

Kufika mwaka 1971 urafiki na Onitsuka umeingia doa, na Blue Ribbon inataka kiatu chake chenye alama yake. Knight akamwomba Davidson achore kitu cha kukaa ubavuni mwa kiatu, kinachoonyesha mwendo, kisichofanana na mistari ya Adidas. Dada akaleta michoro kadhaa. Knight na wenzake wawili wakaitazama, wakachagua ile vema. Hakuna aliyeruka kwa furaha. Mwenye kampuni mwenyewe hakuipenda sana, akaona pengine ataizoea. Kiwanda kilikuwa kinasubiri. Ankara ikaja ya dola 35. Gawanya kwa 2, unapata saa 17 na nusu. Jina lenyewe la Nike, ambaye ni mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale, lilitoka kwa mwajiriwa wa kwanza wa kampuni, Jeff Johnson, ambaye alisema lilimjia ndotoni. Knight alikuwa anataka waiite Dimension Six. Wewe fikiria mtu unatembea mtaani umevaa Dimension Six!

Sasa turudi kwenye ubishi. Upande wa wanaosema "hakudhulumiwa" una nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na nitautetea kabla sijauacha mkono.

Siku ile ilipochorwa, vema ile haikuwa na thamani hata ya hizo dola 35. Ilikuwa mkunjo wa wino juu ya karatasi. Kama kampuni ingekufa mwaka 1973, na ilikaribia kufa mara kadhaa kwa madeni ya benki, Davidson asingerudisha pesa ya mtu. Hatari ilikuwa ya Knight. Zaidi ya hapo, kilichoijaza alama ile maana hakikutoka kwenye kalamu. Kilitoka miguuni mwa watu. Oktoba 12, 2019, pale Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa amekifanya, na vema ile ilikuwa juu ya kiatu chake. Kijana anayetoa pesa yake ya mwezi kununua raba mtoni hanunui mchoro. Ananunua Vienna. Je, Davidson aliichora Vienna? Hapana.

Hapo wenzetu wa upande huu wanakunja mikono, wanaona wamemaliza. Mimi nasema ndiyo kwanza wamefungua mlango, maana hoja yao inauma pande zote mbili. Kama thamani haikutoka kwa Davidson peke yake, haikutoka kwa Knight peke yake vilevile. Ilitengenezwa na umati: mkimbiaji, kocha aliyemwaga mpira kwenye chuma cha kuokea mikate ya waffle ya mkewe ili apate soli mpya, muuzaji, mshonaji, na hata wewe uliyetembea nayo mtaani ukawa tangazo lisilolipwa. Halafu faida ya kazi ya umati ikakusanywa na mwenye karatasi. Karatasi inakwambia ni nani amiliki. Haikwambii ni nani aliyefanya kitu kiwe na thamani. Hayo ni maswali mawili, na kijiweni tunayafanya moja kila siku.

Na kampuni yenyewe ilikuwa inajua vizuri sana kwamba wazo lina thamani. Ilipokosana na Onitsuka, walipelekana mahakamani juu ya kiatu kilichobuniwa na Bowerman, na mwaka 1974 ikaamuliwa pande zote mbili zinaweza kukitengeneza, ila jina la Cortez likabaki kwa Wamarekani. Kwa hiyo mtu akibuni kwa upande wao, wazo ni mali ya kupigania mbele ya jaji.

Mwaka 1983, miaka 12 baada ya ile ankara, Knight alimwalika Davidson kwenye tafrija. Akampa pete ya dhahabu yenye almasi, iliyochongwa umbo la vema, na bahasha yenye hisa za kampuni. Mwenyewe dada amekuwa akilisimulia jambo hilo kwa furaha, kwamba lilikuwa la kipekee kwa kuwa yeye alikwisha kulipwa. Sina sababu ya kumharibia furaha yake. Lakini tafrija ile inanifikirisha kuliko zile dola 35. Kama mlikuwa mmemalizana mwaka 1971, pete ya nini? Mtu hatoi hisa za kampuni yake kwa mtu ambaye moyoni anaamini hamdai. Knight, mhasibu wa kusomea, aliona pengo kwenye daftari ambalo mkataba haukulionyesha. Namsifu kwa hilo, wengi wasingeliona.

Ila pengo lenyewe alilijaza kwa zawadi, na zawadi si haki. Nitaeleza kwa habari ya karibu. Nina mshikaji wangu mchoraji, fundi kweli wa mabango. Alimchorea mzee mmoja mwenye duka kichwa cha simba chenye miwani, kwa shilingi 40,000. Watu wakalipenda, duka likaanza kuitwa "kwa Simba Miwani," na kabla ya miaka mitano mzee ana maduka matatu, na simba yuko kwenye yote matatu, amenakiliwa na fundi mwingine wa bei poa. Mshikaji akaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba, kijana wangu! Wewe ndiye ulinichorea simba! Mama, mpe huyu kijana soda baridi." Akapewa soda, akapewa na kiti. Na kwa kuwa alipokelewa vizuri hivyo, ile aliyoiendea hakuweza kuitamka. Alikunywa, akashukuru, akaondoka.

Soda au pete ya almasi, tofauti ni ya ukubwa. Anayetoa ndiye anayeamua kama atatoa, lini, na kiasi gani, na anayepokea hana la kufanya zaidi ya kusema asante. Kumbe mwenye haki hahitaji kusema asante.

Mtasema ninaota. Basi sikilizeni. Ujerumani, tangu mwaka 2002, sheria ya hakimiliki inampa mtunzi nafasi ya kudai nyongeza pale malipo aliyopewa yanapokuwa madogo mno yakilinganishwa na faida iliyokuja kupatikana, hata kama alisaini kwa hiari yake. Jost Vacano, mpigapicha mkuu wa filamu ya Das Boot ya mwaka 1981, aliitumia sheria hiyo, na kesi zake zilikaa mahakamani zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo wazo la kwamba deni linaweza kuzaliwa baada ya malipo si ndoto ya watu wa kijiweni. Kuna mahali majaji wenye joho wamelikalia vikao.

Na Nike hawakuwa wageni wa jambo hilo. Mwaka 1984 walisaini na Michael Jordan, kijana ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa, na mkataba ukampa fungu katika kila jozi itakayouzwa. Mrabaha, kama sisi waandishi tunavyouita na kuuota. Mwaka wa kwanza Air Jordan ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 100. Kwa nini Jordan alipewa mrabaha na Davidson akapewa saa? Kwa sababu Jordan alikuwa na wakala, na kampuni nyingine zilikuwa zinamtaka. Davidson alikuwa na shida ya rangi. Ukisaini ukiwa na njaa utakubali bei ya njaa, na makubaliano hayo yataitwa ya hiari mpaka mwisho wa dunia. Ndiyo maana namkatalia yule anayesema "si alitaja bei mwenyewe." Alitaja, ndiyo. Muulize na alikuwa amesimama wapi alipoitaja.

Lakini kama ningeishia kwa Davidson ningekuwa nimewadanganya, maana yeye ndiye mwenye bahati katika habari hii. Alikuwa Portland. Alikuwa na jina, sura, na mtu mkubwa aliyemkumbuka. Agosti 1992 gazeti la Harper's la Marekani lilichapisha karatasi ya mshahara ya mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha Indonesia kilichoshona raba za Nike: ilikuwa kama senti 14 za dola kwa saa, wakati jozi inauzwa dola 80 huko Marekani. Mwandishi alipiga hesabu kwamba kwa mshahara ule ingemchukua mfanyakazi yule zaidi ya miaka 44,000 kufikia pesa ambayo Jordan alilipwa kwa matangazo. Binti huyo naye aliigusa ile vema. Aliishona kwa mkono wake, jozi baada ya jozi, kwa saa nyingi kuliko 17 na nusu.

Kwa miaka kadhaa jibu la kampuni lilikuwa kwamba viwanda si vyake, ni vya wakandarasi, na wakandarasi wamelipwa kwa mujibu wa mikataba. Mnaisikia sauti hiyo? Ni ileile ya "tumelipana, tumemalizana," imevuka bahari. Na shukrani, ambayo kwa Davidson ilifika ikiwa imechelewa miaka 12, huku haikujua pa kufikia. Utampa nani pete? Majina yao hayamo kwenye ankara yoyote iliyofika Oregon.

Migomo ikaja Indonesia, wanafunzi wa vyuo vya Marekani wakaandamana, gundi za viwandani Vietnam zikaandikwa magazetini. Tarehe 12 Mei 1998 Knight alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington, akakiri kwamba jina la bidhaa yake limekuwa likitajwa pamoja na mishahara ya kitumwa, kazi za ziada za kulazimishwa na unyanyasaji. Akaahidi kuwa viwanda vya viatu havitaajiri tena wenye umri chini ya miaka 18, kwamba hewa ya viwandani itapimwa kwa viwango vya Marekani, kwamba wakaguzi wa nje wataingia. Mshahara haukuwamo kwenye ahadi zile.