Penseli Kando ya Kitanda

Valentine Godé-Darel alifariki dunia mjini Vevey, Uswisi, tarehe 25 Januari 1915, kwa maradhi ya saratani. Katika miezi yake ya mwisho, Ferdinand Hodler, mpenzi wake na baba wa binti yao aliyezaliwa mwaka 1913, aliketi kando ya kitanda akimchora tena na tena, kwa penseli na kwa rangi, hata michoro ikapita mia moja. Roho ilipotoka hakukoma; aliichora na maiti.

Uzuri wa michoro hiyo haubishaniwi, na ndio hasa unaomtia mtazamaji mashaka. Ile ya penseli ina mistari michache tu: pua iliyochongoka, kinywa kilichobaki wazi, shingo iliyozama mtoni. Palipo weupe wa karatasi, Hodler aliuacha. Hapo mwanzo kichwa kimeinuliwa. Ugonjwa ukizidi kinashuka, mpaka mwili mzima unalala sambamba na ukingo wa karatasi. Mchoraji huyu aliuhesabu mstari wa mlalo kuwa mstari wa mauti. Je, alimwona Valentine akifa, au aliiona nadharia yake ikithibitika?

Waswahili wana neno sitara, na mgonjwa mahututi ni wa kwanza kuistahiki. Kwa kipimo hicho Hodler ana kesi ya kujibu. Lakini wana pia kitenzi kuuguza, na hakuna auguzaye pasipo kutazama. Kifua kikuu kilimpokonya Hodler wazazi na ndugu zake. Angeweza kabisa kugeuza uso, kama wengi wafanyavyo (na husamehewa). Penseli haikumpa ruhusa hiyo. Hata hivyo, muuguzi hutazama ili ajue lini mdomo umekauka, na mkono ulioshika penseli haujashika bilauri ya maji.

Watetezi wake husema Valentine alikuwa akichorwa naye tangu akiwa mzima, akaijua kazi yake. Utetezi huu ni dhaifu: ridhaa ya mwenye afya haimfungi aliyelala hoi. Wenye nguvu zaidi ni ule usiosemwa, kwamba baadhi ya michoro ya mwaka 1914 inamwonyesha macho yakiwa wazi, akimtazama anayemchora. Katika ile ya mwisho yamefumba, na aliyesimama mbele yake sasa, katika ukumbi wa makumbusho, ni mgeni asiyemjua.